Tani mbili kwa urefu gani? Kisa cha injini ya Scania iliyoning'inia vibaya

Mazingira

Gereji yenyewe iko kwenye mji mmoja kandokando ya barabara kuu ya TANZAM, ile ya Dar kwenda Tunduma. Mji sitautaja, wala jina la mtu, na vitu vichache vya utambulisho nimevitoa. Ni gereji kama zilivyo nyingi za mikoani, banda la bati limebebwa na boriti za mbao, nusu ya sakafu zege na nusu kifusi kilichoshindiliwa. Kazi zao za kila siku ni Noah, Hiace, Prado, Canter, mara mojamoja Fuso. Injini za hizo gari nyingi hazifiki nusu tani, na krini ya haidroliki ya kusukuma waliyonayo, ile ya magurudumu sita yenye mkono wa kurefusha, imezitoa miaka yote bila tatizo. Ukumbuke hilo, maana ndio mzizi wa kisa chote.

Gari iliyoletwa safari hii ni kichwa cha Scania, injini ya lita 13, silinda sita za mstari. Ilikuja inagonga kwa chini. Walipoteremsha sampu, yaani bakuli la oili la chini ya injini, wakakuta chenga za beringi zimejaa, konrodi beringi mbili zimekula mpaka zimezunguka na krenki, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, imechimbika. Hapo hakuna ujanja, injini itoke nzima, krenki ipelekwe kusagwa na bloku ipimwe.

Mwenye gari ana kichwa hicho kimoja, cha mkopo, na mzigo ulikuwa umeshahamishiwa kwa mwenzake ambaye naye alitaka kulipwa. Kwahiyo presha ilikuwepo toka asubuhi. Waliokuwa kazini ni fundi mkuu, mtu mzima mwenye heshima yake mjini, mafundi wawili, na dogo mmoja aliyetoka VETA muda sio mrefu. Mimi nafundisha mafundi wa magari makubwa na kisa nimekipata kwa kukaa na wote wanne, kila mtu kwa wakati wake, na maelezo yao yanalingana karibu kila mahali.

Siku ya kwanza

Maandalizi waliyafanya vizuri, niseme ukweli. Kebini waliilaza mbele mpaka mwisho, wakatoa rejeta na intakula, wakafungua waya na mabomba huku wanaweka alama, propela ikashuka, gia boksi wakaitoa kwa jeki yake. Mchana injini ilikuwa imebaki kwenye mauntini peke yake, yaani vile vikalio vinavyoishikilia kwenye chesisi.

Ndipo ikaletwa krini. Ubavuni imeandikwa kwa herufi kubwa TANI 2, na kila mtu pale alijua injini haifiki tani mbili, kwahiyo kichwani mwao hesabu ilikuwa imeshaisha. Ila Scania kebini inalala mbele, yaani ule upande ambao krini ingeingilia kirahisi umezibwa na kebini yenyewe. Wakaiingiza kwa ubavu, nyuma ya tairi la mbele, miguu yake ikapita chini ya chesisi. Kutoka pale nguzo ya krini iliposimama hadi katikati ya injini ni mbali, ikabidi mkono urefushwe mpaka tundu la mwisho.

Dogo akafuta grisi kwenye mkono akaona kuna namba kila tundu.

"Mzee, samahani, hapa mwisho wameandika kilo 500."

"Dogo, hii imetoa ya Fuso hapahapa. Piga pampu."

Akapiga pampu, angefanyaje, ni mzee amesema. Kilichofungwa kwenye injini kilikuwa mikanda miwili ya ratcheti, ile ya kufungia mzigo kwenye tela, imepitishwa kwenye masikio ya injini, yale ya kunyanyulia, na kukutana kwenye ndoano kwa ufupi sana kwasababu mkono wa krini haukuwa na kimo cha kutosha. Injini ikanyanyuka mbele kama vidole viwili, nyuma bado imekaa kwenye mauntini, alafu kwa mpigo mmoja yakatokea mambo matatu: gurudumu la mbele la krini likazama kwenye kifusi, magurudumu ya nyuma yakaachana na ardhi, na injini ikajisogeza upande wa turbo ikaegemea chesisi. Mkono wa krini ulikuwa unapinda unauona kwa macho.

Fundi mmoja alikuwa ametoka tu kuchomoa bolti ya mauntini, mkono wake ulikuwa kati ya bloku na boksi la stelingi. Bahati alikuwa ameshautoa.

Fundi mkuu akapiga kelele wote watoke, akabaki peke yake kwenye vali ya kuteremshia, akaifungua taratibu mno mpaka injini ikakaa, imepinda lakini imekaa. Akasema leo basi. Mwenye gari alikuwepo na alianza kulalamika, mzee akamjibu kwamba gari yako itasubiri kesho, hawa vijana wangu sitawatafutia wengine.

Hesabu ambayo ilitakiwa ianze

Jioni ile walikaa na dogo akaombwa alete alichojifunza, na hapa nampongeza mzee kwasababu wengi wangenuna.

Kwanza uzito. Injini ya aina ile toleo la viwandani huandikwa kilo 1,050 bila oili wala maji. Oili inayobaki ndani, stata, alteneta, kompresa ya upepo, mabano, vyote ukiviacha vimefungwa vinaongeza. Wakakubaliana wahesabu 1,200, alafu wakaweka ziada ya robo kwa ajili ya kukwama na kushtuka, ikaja kilo 1,500. Ziada hiyo sio woga. Injini iliyonasa kwenye mauntini ikiachia ghafla, kwa sekunde moja ndoano inabeba zaidi ya uzito wa injini.

Pili umbali. Krini zile za kusukuma za tani 2 nyingi mkono wake una matundu manne, na uwezo unashuka kadri unavyorefusha: tani 2, tani 1 na nusu, tani 1, mwisho nusu tani. Tani 2 iliyochorwa ubavuni ni ya mkono ukiwa mfupi kabisa, na mkono ukiwa mfupi kabisa kwenye lori haufiki hata ukingo wa chesisi. Kwahiyo mtu akikwambia ana krini ya tani mbili, muulize tani mbili kwa urefu gani. Siku ile walitaka kulibebesha tundu la kilo 500 zaidi ya mara mbili ya uwezo wake.

Tatu kimo, na hiki ndicho mafundi wengi wa gari ndogo wanakisahau. Juu ya chesisi ni kama mita 1 kutoka chini. Ili injini itoke kwa pembeni, kitako cha sampu lazima kipite juu ya chesisi. Injini yenyewe ina kimo cha mita moja na kidogo, weka na cheni juu yake karibu mita nyingine, ndoano inatakiwa ifike mita 3 na zaidi. Krini ya kusukuma inaishia mita mbili na kitu. Yaani hata ingekuwa na nguvu ya tani kumi isingeitoa ile injini, ingeishia kuining'iniza katikati ya chesisi.

Nne ardhi. Kijigurudumu cha chuma kidogo kile kikibeba uzito juu ya kifusi kinazama, na kikizama upande mmoja krini nzima inaelekea huko.

Machaguo waliyoyapima

Boriti la banda lilifutwa mapema. Mbao zile ziliwekwa zibebe bati na upepo, hakuna anayejua zinaweza kilo ngapi katikati, na cheni bloku, ile ya kunyanyulia kwa kuvuta cheni kwa mkono, ukiifunga pale nguvu yote inakuja sehemu moja. Kuna mwembe nyuma ya gereji, ndio, na wapo waliowahi kutundika cheni bloku kwenye miembe na ikaenda vizuri, ila tawi halina kibao cha uzito na ndani linaweza kuwa limeoza huku nje majani mabichi. Kwa injini ya Corolla mtu anabahatisha akavuka. Kwa tani moja na robo, mimi nasema hapana.

Folklifti ya tani 3 ilikuwepo kiwanda cha mbao jirani na mwenyewe alikuwa tayari kusaidia. Chaguo hili linavutia na ndio maana nalieleza kwa kirefu. Tani 3 ya folklifti ya saizi ile kawaida inahesabiwa mzigo ukiwa na kitovu chake sentimita 50 kutoka kwenye mgongo wa uma. Ukitaka ndoano ifike katikati ya chesisi ya lori kwa ubavu, itabidi iwe kama mita 1 na nusu kutoka mgongo wa uma, na hapo uwezo unakatika karibu nusu, unabaki na kilo 1,400 au 1,500 hivi, wakati wao wanapanga kwa 1,500. Imebana. Tena hamna kifaa cha ndoano cha kufungwa kwenye uma, wazo lilikuwa kupitisha cheni tu juu ya uma mmoja, na cheni juu ya chuma laini inateleza ukiinamisha kidogo. Alafu utembee nayo juu ya kifusi, mzigo uko juu unayumba! Wakaiacha, na waliiacha kwa sababu sahihi.

Fremu ya chuma yenye boriti juu, ile ya miguu minne unayopitisha gari katikati yake, ndiyo ingefaa kuliko zote, ila mjini hapo hakukuwa na ya kukodi, na kuchomelea mpya usiku kwa usiku ni kutafuta ajali nyingine.

Ikabaki Hiab, lori lenye kreni mgongoni. Gharama yake ilikuwa laki kadhaa kwa kazi ya masaa machache na mwenye gari aligoma mwanzoni. Mzee akamwekea hesabu rahisi: bloku ikidondoka ikapasuka, unanunua injini. Akakubali.

Uamuzi na sababu zake

Wakaisukuma Scania nje ya banda ili Hiab ipate nafasi, wakachagua sehemu ngumu zaidi ya uwanja. Opareta wa Hiab, ambaye kwa kweli alikuwa mtu wa kazi, alikuja na jedwali la uzito la kreni yake. Nguzo ya kreni hadi katikati ya injini walipima kwa futi ya kupimia, mita 4, na jedwali kwa mita 4 likasema kilo 2,400. Hapo kuna nafasi. Angesimama mbali kwa mita 7 jedwali lilikuwa chini ya 1,500, ni kreni ileile, siku ileile.

Vya chini ya ndoano navyo vikapitiwa kimoja kimoja. Mikanda ya ratcheti ikawekwa pembeni kabisa. Ile imetengenezwa ivute mzigo ukae juu ya tela, lebo yake inataja nguvu ya kufungia, sio ya kunyanyulia, na nyingi zina maandishi kabisa kwamba isitumike kunyanyua. Badala yake wakachukua cheni za kunyanyulia za gredi 80, milimita 8, kila mguu mmoja ukiwa wima unabeba tani 2. Cheni ya namna hiyo ina chapa ya 8 kwenye baadhi ya pingili na kibao cha uzito. Kulikuwa na mkanda wa kitambaa wa kijani pia, rangi hiyo ni ya tani 2, ila lebo ilikuwa imefutika na ukingo umechanika, wakaukataa. Cheni bloku ya kiwanda cha mbao nayo ikakataliwa, kilimi cha ndoano, kile kinachozuia mzigo usichomoke, kilikuwa kimeng'oka, ikaazimwa nyingine ya tani 3.

Cheni bloku ya nini wakati kreni ipo? Kreni ya haidroliki inasogea kwa kushtua, hata opareta awe mzuri vipi, na injini inatakiwa itoke milimita kwa milimita isiguse boksi la stelingi wala mabomba. Wakaitundika bloku kwenye ndoano ya kreni, kreni ikae tuli, kunyanyua kwa mwanzo kufanyike kwa mkono. Uamuzi huu naupenda kuliko yote ya siku ile.

Pembe ya cheni ndio ilikuwa somo kwa wote. Siku ya kwanza mikanda ilikuwa imelala karibu kabisa. Miguu miwili ikiwa nyuzi 60 kutoka usawa, mzigo wa kilo 1,500 unaupa kila mguu kama 866. Ikilala hadi 45 kila mguu unabeba 1,061. Ikilala hadi 30, kila mguu unabeba 1,500, yaani kila mmoja kama yuko peke yake. Na masikio ya injini yanavutwa kwa ndani, bolti zake zinapindishwa badala ya kuvutwa wima. Njia nyepesi isiyohitaji kikokotoo: urefu wa kila cheni usipungue umbali kati ya sikio la mbele na la nyuma, hapo umepata 60 au zaidi.

Na ni wakati wa kukagua masikio ndipo walipoona kitu kilichonisisimua hata mimi nilipoonyeshwa picha. Sikio la nyuma halikuwa la Scania. Ovaholi iliyopita, sijui ilifanyika wapi, waliliacha, wakafunga kipande cha chuma bapa kwa bolti moja tu isiyo na alama ya gredi kichwani. Injini iliwahi kuning'inizwa kwa kile kitu siku ya kwanza. Wakatafuta sikio halisi na bolti zake kwa mtu anayechinja malori, likapatikana mchana.

Siku ya kutoa

Miguu ya pembeni ya Hiab ikawekwa juu ya vipande vya mbao nene vilivyopangwa mraba, upana sentimita 60 hivi. Cheni ya mbele ikafupishwa pingili kadhaa na ya nyuma ikaachwa, wakavuta kidogo mpaka cheni zikakaza, wakasimama wakaangalia. Nyuma ikawa inabaki chini, kwenye flaiwili kuna uzito. Wakashusha, wakafupisha ya nyuma pingili mbili, wakavuta tena, ikanyanyuka sawa. Kurudia huko kulikula robo saa na ndiyo robo saa iliyofanya iliyobaki iwe rahisi.

Injini ilipovuka chesisi, kreni ikaizungusha pembeni. Hapo mpango ukaisha. Hakuna aliyekuwa ameandaa pa kuiweka! Injini hewani, mmoja anakimbilia tairi kuukuu, mwingine anasema tuiweke kwenye mbao, opareta anapewa ishara na watu wawili, huyu shusha huyu subiri, na fundi mmoja akapita chini ya mzigo kufuata tairi. Opareta akagoma kusogeza chochote mpaka watu watoke na mtu mmoja tu abaki wa ishara. Wakaachana na tairi, wakachomelea haraka stendi ya chuma cha U inayoshika mabano ya mauntini, maana sampu haikuumbwa kubeba injini. Muda wote huo injini iliteremshwa ikabaki sentimita chache juu ya magogo, cheni zimekaza.

Matokeo

Injini ilitoka, hakuna aliyeumia, bloku nzima. Kulikuwa na bomba moja la oili ya turbo lililopinda, na mauntini moja ya nyuma iliyochanika, vyote kazi ya siku ya kwanza. Krini ya kusukuma ilipopimwa mkono ulionekana umepinda, mzee akaukata kwa tochi ya gesi mbele ya wote ili asije mtu akautumia.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni mzee kusimamisha kazi mbele ya mteja anayelalamika, na kumpa dogo nafasi ya kuongea jioni. Ila nafasi ile ilitakiwa iwepo mchana. Dogo alisoma namba, akasema, akajibiwa kwa historia ya krini. "Imeshatoa ya Fuso" ni kweli tupu, lakini injini ya Fuso waliyoitoa ilikuwa nyepesi zaidi na waliitolea mbele, mkono ukiwa tundu la pili. Uzoefu ulikuwa wa kazi nyingine. Kwa maoni yangu gereji ingekuwa na utaratibu kwamba yeyote akitaja namba iliyoandikwa kwenye kifaa, pampu inasimama mpaka namba ijibiwe kwa namba.

Kuna watakaosema kosa lilikuwa krini mbovu. Hapana, krini ilikuwa nzima, ilitumiwa pasipo pake. Na kuna kitu nimekiona mara nyingi kwenye gereji zinazokua: kazi inaongezeka uzito kidogo kidogo, Canter, Fuso, alafu siku moja Scania, na kifaa kinabaki kilekile kwasababu hakijawahi kukataa.

Uteuzi wa Hiab ulikuwa sahihi kwa kutoa, ila walifikiria kunyanyua tu, kushusha hawakukufikiria, na kwenye kutua ndipo watu walipozubaa kwa mara ya pili. Stendi ilitakiwa iwe tayari kabla Hiab haijawashwa. Mtu wa ishara naye ateuliwe kwa jina mapema, sio akiwa mzigo uko hewani.

Kwa kurudisha injini walikodi tena Hiab ileile, na sasa wanachanga watengeneze fremu yao ya tani 2, kwasababu malori yanazidi kuja. Nilichowashauri ni kwamba michoro na ukubwa wa boriti vipitiwe na injinia, fundi wa kuchomelea asikadirie kwa macho, magurudumu yake yatembee juu ya zege tu, na kabla ya injini yoyote fremu ijaribiwe kwa robo zaidi ya uwezo wake. Kwa tani 2 ni kilo 2,500, ambayo ni mifuko 50 ya saruji ya kilo 50 juu ya jukwaa la chuma, ukitoa uzito wa jukwaa lenyewe. Inanyanyuliwa sentimita chache tu, inaachwa ining'inie, alafu vinakaguliwa viungo vyote vya kuchomelea na boriti inapimwa kama imerudi ilivyokuwa. Baada ya hapo waite wakaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, maana vifaa vya kunyanyulia viko chini yao kwa sheria ya mwaka 2003, na cheni bloku, cheni na shakeli zote ziingie kwenye daftari moja na tarehe za ukaguzi. Daftari wamempa dogo.